Gari Lisilo na Nembo: Mwindaji Atamjuaje Askari?

Mtu amebeba nyama kwenye pikipiki, jioni, katika barabara ya vumbi pembezoni mwa pori la akiba. Nyuma yake linakuja Land Cruiser lenye namba za kiraia, halina nembo wala maandishi ubavuni. Linampita, linamzibia njia, wanashuka watu wanne wenye bunduki, wengine wamevaa kiraia. Wanaweza kuwa askari wa TAWA, askari wa TANAPA, polisi, walinzi wa kampuni yenye kitalu cha uwindaji, au majambazi wanaoitaka pikipiki. Ana sekunde chache za kuamua asimame au atimue mbio. Na waliomsimamisha, kama kweli ni askari, wana sekunde hizohizo za kuamua kama anayekimbia ni jangili mwenye silaha au ni mtu aliyeingiwa na hofu.

Katika sekunde hizo watu wamekufa, wa pande zote mbili. Ndiyo maana suala la gari lisilo na nembo, linaloonekana dogo mbele ya mijadala mikubwa ya tembo na utalii, linastahili kuchambuliwa kwa upana wake. Hoja yangu ni kwamba upelelezi wa makosa ya wanyamapori unaweza kuwa wa siri, na mara nyingi ni lazima uwe wa siri, lakini ukamataji lazima uwe wa wazi. Mahali ambapo mambo haya mawili yamechanganywa, uhifadhi wenyewe umepata hasara.

Nani anawinda, nani anamsimamisha

Kuwinda si kosa Tanzania. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inaruhusu uwindaji wa kitalii katika vitalu, uwindaji wa wenyeji kwa leseni, na inatambua pia jamii ambazo maisha yao ni kuwinda. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda na Ziwa Eyasi bado wanaruhusiwa kuwinda kwa upinde na mshale. Tangu mwaka 2020 kanuni zimeruhusu pia mabucha ya nyamapori, hivyo mtu anaweza kununua nyama ya nyati kwa halali mjini, mradi awe na risiti.

Leseni ina masharti yake. Huruhusiwi kuwinda usiku, kumpiga mnyama ukiwa ndani ya gari au umbali usiofika mita 200 kutoka kwenye gari, wala kumwinda mnyama ambaye hakuandikwa kwenye leseni yako. Kwa hiyo hata mwindaji halali atarajie kusimamishwa na kukaguliwa: leseni, bunduki, idadi ya risasi, mnyama aliyeuawa. Mwindaji mwaminifu hana ugomvi na ukaguzi huo, kwa sababu ndio unaomtofautisha na mwizi.

Wanaosimamisha ni wengi kuliko raia wa kawaida anavyoweza kuwatofautisha. TANAPA inalinda hifadhi za taifa. TAWA, iliyoanza kazi mwaka 2016, inasimamia mapori ya akiba na mapori tengefu. Mamlaka ya Ngorongoro ina askari wake, na TFS ina walinzi wa misitu. Halmashauri zina maafisa wanyamapori, na jumuiya za hifadhi zina askari wa vijiji, vijana waliochaguliwa na wanakijiji wenzao. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yalizileta taasisi kuu chini ya mfumo wa kijeshi wa uhifadhi, maarufu kama Jeshi Usu, wenye vyeo na nidhamu ya jeshi. Ongeza vikosi dhidi ya ujangili vya kanda, polisi, na walinzi binafsi wa kampuni za uwindaji. Kila mmoja ana sare yake na gari lake. Mwanakijiji wa Meatu, Bunda, Liwale au Manyoni anatakiwa awajue wote, na wakati mwingine awajue bila sare wala nembo.

Historia iliyoacha kidonda

Uhasama huu ni wa zamani. Mwaka 1896, chini ya gavana Mjerumani Hermann von Wissmann, kuwinda kuliwekwa chini ya leseni na maeneo ya kwanza ya akiba yakatengwa. Waingereza wakaendeleza kwa sheria ya mwaka 1921 na nyinginezo baadaye. Mzungu mwenye bunduki na kibali akawa mwindaji, na Mwafrika mwenye upinde au gobore akawa jangili. Babu aliyekuwa akisifiwa kijijini kwa shabaha yake alijikuta akimkwepa bwana nyama.

Huko Tsavo, nchini Kenya, katikati ya miaka ya 1950, David Sheldrick na Bill Woodley waliongoza kampeni dhidi ya Wawaata, wawindaji hodari wa tembo kwa mishale ya sumu. Silaha kubwa ya kampeni hiyo ilikuwa taarifa: wapelelezi, watoa habari, na kumbukumbu za kila mwindaji na mahali anapoishi. Ilifanikiwa kijeshi, na jamii nzima ikapoteza riziki iliyorithi kwa vizazi. Kenya ilikwenda mbali zaidi mwaka 1977 ilipopiga marufuku uwindaji wa wanyama. Tangu hapo, anayekutwa na nyamapori huko hana leseni ya kuonyesha wala ukaguzi wa kawaida wa kutarajia. Kila anapokutana na askari anakutana naye kama mtuhumiwa.

Tanzania huru ilichagua njia ya kati: uwindaji uendelee kwa utaratibu. Mwaka 1961 Mwalimu Nyerere, katika Ilani ya Arusha, aliahidi kuwalinda wanyama kwa ajili ya wajukuu wetu. Kuitimiza ahadi hiyo kulihitaji ridhaa ya watu wanaoishi na wanyama hao. Ridhaa hiyo hujengwa au hubomolewa na askari anapokutana na mwanakijiji njiani.

Kwa nini gari la kificho lilihitajika

Tusiwaonee askari. Ana hoja nzito anayetumia gari lisilo na nembo. Gari la doria lenye nembo likitoka kambini, habari hulitangulia. Bodaboda anapiga simu, mwenye duka anapiga simu, na kabla halijafika kijiji cha pili mitego imekwisha ondolewa na mzigo umefichwa. Wanaosafirisha pembe nao hawatumii magari yenye alama. Anayewafuata kwa gari la kijani lenye maandishi makubwa atafuata vumbi lao tu.

Takwimu zinaeleza uzito wa vita yenyewe. Tembo wa Tanzania walikadiriwa kuwa takriban 109,000 mwaka 2009. Kufikia sensa ya mwaka 2014 walikuwa wamebaki takriban 43,000. Zaidi ya nusu walikuwa wameteketea kwa miaka mitano. Biashara ile haikuwa ya mtu mwenye gobore anayetafuta kitoweo. Ilikuwa na mabwanyenye, wafadhili, madereva, na maafisa waliohongwa.

Kilichoivunja biashara hiyo ni upelelezi wa siri. Kikosi kazi cha taifa cha makosa makubwa kiliwafuatilia vigogo kwa miezi mingi, kikamkamata mwaka 2015 Yang Fenglan, mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyepachikwa jina la Malkia wa Pembe za Ndovu, na Boniface Mariango aliyejulikana kama Shetani. Mariango alihukumiwa miaka 12 mwaka 2017, na Yang miaka 15 mwaka 2019. Takwimu za serikali zilizofuata zilionyesha tembo wakiongezeka tena na kuvuka 60,000. Bila watu waliojificha, waliosikiliza simu na kukaa ndani ya magari yasiyotambulika, ushindi huo usingepatikana.

Kazi hiyo ina gharama ya damu. Januari 2016, rubani Mwingereza Roger Gower alipigwa risasi na majangili akiwa ndani ya helikopta katika Pori la Akiba la Maswa, akafa. Agosti 2017, Wayne Lotter, ambaye shirika lake lilikisaidia kikosi kazi kile, aliuawa ndani ya teksi jijini Dar es Salaam. Wapo pia askari wengi wa vyeo vya chini waliouawa kwa risasi na mishale porini, ambao majina yao hayakufika magazetini. Anayemtaka askari avae nembo kila saa na kila mahali hajafikiria anachomwomba.

Hata hivyo, angalia kilichofanyika katika mafanikio haya. Siri ilitumika kujua nani anafanya nini. Ukamataji wenyewe ulifuatwa na mashtaka, vielelezo, mashahidi na hukumu. Siri ilikuwa na mwisho wake, na mwisho huo ulikuwa mahakamani.

Operesheni isiyo na mipaka

Oktoba 2013 serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza Ujangili. Ilishirikisha jeshi, polisi, askari wa wanyamapori na wengineo, waliotawanywa katika mikoa mingi kwa mkupuo. Lengo lilikuwa sahihi na hasira ya taifa ilikuwa ya haki. Mwanzoni mwa Novemba ikasitishwa kwa sababu ya malalamiko yaliyomiminika bungeni.

Kamati ya Bunge iliyoongozwa na James Lembeli ilisoma taarifa yake Dodoma tarehe 20 Desemba 2013. Iliripoti raia waliouawa, waliopigwa na kuteswa, wanawake waliodhalilishwa, mifugo iliyopigwa risasi, na watu waliochukuliwa majumbani bila utaratibu. Mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa: Khamis Kagasheki wa Maliasili, Shamsi Vuai Nahodha wa Ulinzi, Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani, na David Mathayo wa Mifugo. Baadaye Rais Kikwete akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji mstaafu Hamisi Msumi.

Nionavyo mimi, chanzo cha balaa lile hakikuwa ukatili wa mtu mmoja mmoja pekee. Watu wenye silaha waliingia vijijini bila kutambulika wametoka kikosi gani, nani mkuu wao, na malalamiko yapelekwe wapi. Mtu akipigwa na kundi lisilojulikana hawezi kumshtaki mtu. Na anayejua kwamba hatashtakiwa hupungukiwa na kinachomzuia.

Gharama ya mambo haya haiishii kwa aliyepigwa. Aprili 2024 Benki ya Dunia ilisitisha malipo ya mradi wa REGROW wa dola milioni 150 uliokusudiwa kuinua utalii wa kusini, kufuatia malalamiko ya unyanyasaji wa wanavijiji katika eneo la Hifadhi ya Ruaha, na mwaka huohuo mradi ukafungwa. Askari asiyewajibika huigharimu nchi kuliko jangili mmoja.

Lipo pia jambo lililo nje ya pori ambalo askari wa wanyamapori hawawezi kulikwepa. Septemba 2024 Ali Mohamed Kibao, kada wa CHADEMA, alishushwa kwenye basi na watu wenye silaha, kisha akakutwa amekufa. Kenya nayo, katika maandamano ya vijana ya mwaka 2024, watu walilalamika kuchukuliwa na magari yasiyotambulika. Katika nchi zilizopitia hayo, gari lisilo na alama linalomzibia mtu njia linabeba maana nzito tayari kabla mlango wake haujafunguliwa. Kumlaumu mwindaji kwa kukimbia hapo ni kumtaka asahau anayoyasikia redioni kila wiki.

Mguu mmoja wa nyumbu

Sheria yenyewe inampa askari mamlaka makubwa. Kifungu cha 106 cha Sheria ya 2009 kinamruhusu afisa mwenye sababu za msingi kumsimamisha mtu, kumpekua, na kuingia kwenye gari, hema au jengo bila hati ya upekuzi. Nyumba ya kuishi haiingiwi bila hati, isipokuwa awepo angalau shahidi mmoja. Mamlaka haya yana mantiki, kwa sababu hakimu hapatikani katikati ya Selous.

Lakini tazama kinachofuata baada ya kukamatwa. Majalada ya mahakama za kanda ya Serengeti yamejaa mashauri yanayofanana: mtu mmoja, panga, nyaya mbili za kutegea, na mguu mmoja wa nyumbu ndani ya kiroba. Kwenye hati ya tathmini, mguu huo huhesabiwa kama nyumbu mzima, kwa kuwa mguu hautoki bila mnyama kufa. Nyumbu mzima kwa viwango vya kisheria ni dola 650. Dola ilipokuwa shilingi 2,300, hiyo ilikuwa karibu shilingi milioni moja na nusu. Kumiliki nyara za serikali zenye thamani inayozidi milioni moja ni kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Shtaka huunganishwa na sheria ya uhujumu uchumi.

Kwa maneno mengine, mtu wa mguu wa nyumbu anaweza kupata kifungo kirefu kuliko cha Malkia wa Pembe. Palipo na adhabu ya namna hiyo, kila hatua ya ukamataji inapaswa kuwa safi kama maji ya kisima kipya. Nani alimkamata, wapi hasa, nani alishuhudia, nyama ilikwenda wapi: haya ndiyo yanayoamua miaka 20 ya maisha ya mtu.

Mahakama ya Rufani imelitambua hili. Nyama huoza, hivyo haiwezi kusubiri kesi. Polisi huiandikia orodha, huipeleka kwa hakimu, naye huamuru iteketezwe. Katika shauri la mwaka 2019, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba mshitakiwa lazima awepo mbele ya hakimu wakati huo na apewe nafasi ya kusema kama nyama ile alikutwa nayo au la, na ikahimiza picha zipigwe. Baada ya hapo watu wengi wameachiwa huru kwa sababu orodha iliandaliwa wakiwa mahabusu, hawakuulizwa lolote.

Hapo ndipo gari lisilo na nembo linapomrudia askari. Mshitakiwa akisimama kizimbani na kusema, "Walinikamata watu nisiowajua, wakaniwekea nyama nikiwa kituoni," upande wa mashtaka unahitaji hati ya ukamataji mali iliyojazwa palepale, ikiwa na saini au dole gumba la mtuhumiwa na la shahidi huru, pamoja na maelezo ya mahali hasa tukio lilipotokea. Kama vyote hivyo havipo, jangili wa kweli anatoka huru pamoja na mtu asiye na hatia, na hakimu hana namna ya kuwatenganisha.

Wenzetu wa Marekani

Mgogoro huu si wa Afrika pekee. Marekani ina mamilioni ya wawindaji wenye leseni, na malalamiko yao yanafanana na ya huku: askari wa wanyamapori aliyekuja kwa gari lisilo na alama, mnyama wa bandia aliyewekwa kando ya barabara kumnasa anayepiga risasi kutoka garini, kamera zilizofichwa kwenye shamba la mtu. Mwaka 1924 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba ulinzi wa katiba dhidi ya upekuzi hauhusu mashamba ya wazi yaliyo mbali na nyumba, na mwaka 1984 ikarudia msimamo huohuo. Lakini mwaka 2024 mahakama ya rufaa ya jimbo la Tennessee iliwaambia maafisa wa wanyamapori kwamba katiba ya jimbo lao haiwaruhusu kuzurura kwenye ardhi binafsi inayotumiwa na mwenyewe bila hati.

La kujifunza hapa ni kwamba mwindaji wa Tennessee aliyekerwa na siri ya askari alijua ni idara gani ya kuishtaki. Mwanakijiji wa Busega anayekutana na gari lisilo na jina mara nyingi hana anwani ya kupeleka barua yake.

Kinachopaswa kufanyika

Suluhisho halihitaji fedha nyingi wala sheria mpya kabisa. Kwanza, magari ya kificho yabaki kwa kazi ya kufuatilia na kukusanya taarifa. Wakati wa kumsimamisha mtu ukifika, gari lenye nembo liwe karibu, au lile la kificho liwe na taa na alama ya kubandika inayotolewa papo hapo. Askari waliovaa kiraia wavae vizibao vyenye jina la taasisi kabla ya kushuka.

Pili, askari ajitambulishe kwa sauti, kwa Kiswahili na ikibidi kwa lugha ya pale, ataje taasisi yake na aonyeshe kitambulisho. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mtu anayekamatwa aambiwe sababu ya kukamatwa. Sababu hiyo haina uzito ikitamkwa na mtu asiyejulikana.

Tatu, mwenyekiti wa kitongoji au askari wa wanyamapori wa kijiji awe shahidi kila inapowezekana. Nambari yake ya simu iwekwe kwenye kila kituo cha doria. Jumuiya za hifadhi zilianzishwa kwa wazo kwamba wanyama ni mali ya wanavijiji pia, na kuwashirikisha kwenye ukamataji ni kulitimiza wazo hilo.

Nne, nakala ya hati ya ukamataji mali abaki nayo mtuhumiwa au ndugu yake, ikionyesha jina la askari, namba ya gari na kituo anakopelekwa. Karatasi hiyo moja inaweza kuzuia kutoweka kwa mtu, na inaweza kuzuia kesi nzuri kuporomoka.

Tano, Bunge litazame upya adhabu. Mtu wa kitoweo na mfanyabiashara wa pembe hawafanani, na sheria isiyowatofautisha humfanya mtu wa kitoweo apigane kama mtu wa pembe. Anayejua kwamba mguu mmoja ni miaka 20 hana sababu ya kusimama akiitwa.

Na mwindaji ana wajibu wake. Awe na leseni na atembee nayo. Aliyenunua nyama buchani atunze risiti. Akisimamishwa aweke silaha chini, aulize jina na taasisi kwa utulivu, asikimbie anapojibiwa kwa haki. Anayeua twiga kwa nyaya ili auze nyama mnadani hastahili kutetewa na mtu yeyote anayewapenda wanyama hawa, na mimi simtetei.

Pori letu halilindwi na hofu. Linalindwa na watu wanaoishi kandokando yake wanapoamini kwamba askari ni wao, anafahamika, na anaweza kuulizwa. Wakuu wa TAWA, TANAPA na Jeshi Usu wanaweza kuanza kesho kwa amri moja ya maandishi: hakuna mwananchi atakayekamatwa na askari asiyejitambulisha. Amri hiyo ikitolewa na kusimamiwa, itaokoa maisha ya wawindaji na ya askari, na itawapeleka majangili wengi zaidi gerezani kuliko gari lolote la kificho.